Ujira wa Mnunuzi wa Siri Hutegemea Ripoti Yake

Mnunuzi wa siri hutumwa na kampuni ya utafiti kwenda dukani, benki au hotelini kama mteja wa kawaida ili kupima huduma. Hulipwa kwa kila kazi, kwa kawaida baada ya mhariri kuikubali ripoti yake.

Mhariri hutarajia saa kamili, risiti na maelezo ya yaliyoonekana na kusikika. "Mhudumu ni mvivu" ni hukumu. "Nilisubiri dakika 12 bila kusalimiwa" ni ushahidi. Ripoti iliyochelewa au yenye majibu yanayokinzana huweza kukataliwa, na nauli ya mnunuzi ikapotea.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani huonya kuwa kampuni halali haimtozi mwombaji ada, wala haimtumii hundi na kumtaka arejeshe sehemu ya fedha.