Mashine iliyoandika badala ya Désiré

UKIJAZA fomu ya mzigo kwenye kompyuta, fomu ikakataa jina lako, hapana shaka utadhani umekosea wewe. Mara nyingi si wewe. Kabla fomu haijakufikia, ilijaribiwa na programu iliyojifanya mtu, ikabonyeza vitufe kwa niaba yako na kutoa taarifa kwamba mambo ni shwari. Swali ni hili: ilibonyeza kama nani?

Programu za namna hii si ngeni. Selenium ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago. Google ilileta Puppeteer mwaka 2017, na Microsoft ikaleta Playwright mwaka 2020. Kazi yao ni kufungua tovuti, kujaza, kubofya na kutazama kama matokeo ni yale yaliyotarajiwa, tena na tena bila kuchoka.

Lakini kuandika kwa vidole si tendo moja. Ukibonyeza herufi, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, hupata habari kadhaa kwa zamu: kitufe kimeshuka, maandishi yamebadilika, kitufe kimeachiwa. Fomu nyingi husikiliza habari hizo. Moja hukagua namba ya simu kila tarakimu inapoingia, nyingine hufungua orodha ya bidhaa ukishaandika herufi tatu. Mashine ikipachika neno zima kwa mkupuo, hakuna kitufe kilichoshuka wala kuachiwa. Jaribio litapita, mteja atakwama. Ndiyo maana Playwright ina amri mbili, ya kujaza kwa mara moja na ya kubonyeza herufi moja moja. Watengenezaji wenyewe wanapendekeza ile ya kwanza kwa kazi za kawaida. Mimi kwa fomu ya forodha ningedai ya pili, hata kama inachelewa.

Hata hiyo ya pili ina shimo lake, na shimo hilo liko upande wetu. Puppeteer na Playwright zimejengwa juu ya mpangilio wa kibodi ya Kimarekani. Herufi isiyokuwamo humo, kama é au ç, haibonyezwi; huingizwa kama maandishi tu. Kwa mtu wa Boston hilo ni jambo dogo. Kwa Burundi na Kongo, ambako watu wamebatizwa Désiré, Béatrice na François, si dogo hata kidogo.

Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa. A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na tarakimu za juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. (Sisi tuliosoma Ulyankulu tulizoea kibodi ya Kiingereza, na baada ya kurejea vidole vilichukua muda kukubali.) Sasa angalia: é inakaa kwenye kitufe kile kile cha 2. Mtengenezaji anayezuia tarakimu kwenye sanduku la jina kwa kutazama kitufe, badala ya kutazama herufi iliyotoka, amemzuia Désiré. Mashine ya majaribio haitagundua, kwani haikugusa kitufe hicho.

Nimeona karatasi ya mzigo ya jirani yangu imeandikwa "Dsir". Kitambulisho chake kinasema Désiré. Ofisa aliyeyaona majina mawili hakutaka maelezo, na nyanya zilikaa juani mpaka jioni.

Kuna na mkato. Aliyesoma Tanzania akiandika 1,500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Aliyesoma kwa Kifaransa anasoma moja na nusu. Fomu inayojaribiwa kwa namba 1500 pekee haitajua itafanya nini mkato ukifika, na tofauti ya kilo hizo ndiyo ushuru.

Tiba haihitaji mitambo mipya. Anayejenga fomu akague herufi iliyoingia, si kitufe. Aweke majina yenye alama na namba zenye mkato katika majaribio yake. Kisha amkalishe mtu wa kweli mbele ya kibodi ya Kifaransa kwa saa moja. Saa hiyo ni nafuu kuliko foleni ya malori.

Nawe mfanyabiashara, fomu ikikataa é, liandike jina mahali pengine, linakili, kisha ulibandike. Mara nyingi hupita, kwa sababu kitufe cha 2 hakikuguswa. Uzito wa mzigo uandike tarakimu tupu, bila mkato. Na kabla ya kutuma, lisome jina lako herufi kwa herufi, kitambulisho kikiwa mkononi.