Kamera ya Safari za Pikipiki

Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri wa gazeti letu aliponiandikia akiniomba nichangie ukurasa wa Kiswahili, nadhani alitazamia habari za safari zangu, maana wengi wanajua kwamba kila likizo mimi huwa barabarani juu ya pikipiki. Lakini safari zenyewe nimekwisha kuzisimulia mara nyingi, tena wasimuliaji wa safari huongeza chumvi. Afadhali niwaelezeni jambo ambalo wanafunzi huniuliza kila nijapo shuleni: ni kamera gani ifaayo kuchukuliwa juu ya pikipiki, na itumiwe namna gani. Mimi si mpiga picha wa kazi. Maarifa niliyo nayo niliyapata kwa hasara, na hasara yenyewe sitaificha.

Mwezi wa Agosti 2022 niliondoka Kampala kwenda Kisoro kwa pikipiki yangu ya cc 150. Nilikuwa na haja mbili. Ya kwanza ni kuiona tena milima ya Mufumbiro. Ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi, ni kumtembelea mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao. Waliosoma miaka ya 80 watamkumbuka bila mimi kumtaja: ndiye aliyetukaririsha ngeli mpaka kengele ya chakula ikalia nasi tungali katika KI na VI. Simu yangu ilikuwa juu ya usukani, imefungwa kwa kishikizo cha chuma ili inionyeshe njia, kama nilivyoifunga tangu mwanzo wa mwaka. Kila nilipotaka picha niliichomoa nikapiga. Niliona ni akili kubwa, chombo kimoja kwa kazi mbili.

Nilipiga picha Kayabwe, penye zile duara nyeupe za mstari wa Ikweta, na Lukaya kwa wauza gonja na kuku wa kuchoma, na juu ya mlima Kanaba, mahali ambapo mtu akitoka Kabale huiona ghafula Muhabura, Gahinga na Sabinyo zimesimama pamoja mbele yake. Niliyatazama mapicha hayo juujuu tu, nikaendelea na safari.

Mwalimu nilimkuta ameketi barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki hiyo ni yako au ya kuazima?"

Nikamwambia ni yangu. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na picha ndogo ndani ya fremu: yeye mwenyewe kijana, mwaka 1966, ameegemea pikipiki, suruali imenyoshwa kwa pasi. Ilipigwa kwa kamera ya boksi, ile ambayo mpigaji huishika tumboni akachungulia kwa juu. "Aliniambia nisipumue," alisema Mwalimu, "nami sikupumua." Picha ilikuwa wazi hata vifungo vya shati vikahesabika.

Nami nikampiga kwa simu yangu, mara ishirini hivi: ameketi, amesimama, ameshika kitabu. Mwisho nikarudi nyuma mpaka kwenye migomba, nikaipiga nyumba nzima kwa lenzi pana, Mwalimu akiwa mlangoni. Jua lilikuwa kali, kioo cha simu sikukiona vema, nikasadiki kwamba mambo ni sawa. Usiku ule, nimekwisha rudi Kabale, nikazifungua picha. Uso wa Mwalimu ulikuwa na kingo mbilimbili, kama uso unaoonekana ndani ya maji yanayotikisika. Zote zilikuwa hivyo, ila ile ya nyumba. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumatatu nilitakiwa kazini. Nikajiambia, nitarudi Desemba.

Mwezi wa Novemba Mwalimu alifariki. Watoto wake walinipigia simu kuomba picha, kwa kuwa walijua kwamba ndimi niliyempiga mwisho. Niliwapelekea ile ya nyumba, kwani sikuwa na nyingine. Fundi aliikata, akaukuza uso uliokuwa mdogo kama punje ya mahindi, na hiyo ndiyo picha iliyowekwa juu ya jeneza.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya simu. Simu nyingi za siku hizi zina lenzi ambayo haikukazwa mahali pamoja. Imening'inizwa kwa springi ndogo sana na sumaku, ili mkono wa mpigaji ukitetemeka lenzi isogee upande wa pili na picha itulie. Ni ufundi mzuri kabisa kwa mkono wa mtu. Lakini fikirini injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde, yaani mitikisiko 360,000 kwa saa moja, nayo hupanda moja kwa moja kwenye usukani. Springi zikitikiswa hivyo siku baada ya siku huchoka, na lenzi hairudi tena mahali pake. Mwezi wa Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasizifunge simu zake juu ya pikipiki zenye injini kubwa kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba hata kwa zile ndogo ni heri kutumia kishikizo chenye kupunguza mtikisiko. Simu yangu haikuwa ya kampuni hiyo, lakini ufundi ni ule ule, na onyo lilikuwapo karibu mwaka mzima kabla sijaondoka Kampala. Lenzi pana ya simu yangu haikuwa na springi hizo, ndiyo maana ilipona.

Basi, la kwanza ni hilo: kitu chochote chenye lenzi kisifungwe juu ya usukani. Wala kisitiwe ndani ya sanduku juu ya keria ya nyuma, kwa maana huko mtikisiko ni ule ule, na barabara mbovu huongeza mapigo yake. Nimewahi kuona kamera iliyosafiri kwenye keria siku mbili ikatoka skrubu zake zimelegea kama meno ya mzee. Mahali pazuri ni mwilini mwako, kwa sababu nyama ya mtu ni mpira bora kuliko mpira wa dukani. Mimi huichukua katika mkoba mdogo wenye kitambaa laini, ubavuni karibu na kiuno, chini ya koti. Kifuani sipapendi, wala mgongoni penye uti. Mkianguka, wewe na pikipiki yako, kamera ngumu mahali hapo itavunja kitu kisichouzwa.

Tena kamera iliyo kiunoni hutoka upesi. Wako wanaonunua kamera kubwa za kubadili lenzi, na kwa hakika picha zake ni nzuri, lakini juu ya pikipiki kamera kubwa hukaa ndani ya begi, na begi limefungwa kwa kamba, na mpaka kamba ifunguliwe ng'ombe wa Ankole wenye pembe zile wamekwisha vuka barabara na kupotea kichakani. Ukibadili lenzi katika barabara ya udongo, vumbi jekundu litaingia na kukaa juu ya ile sahani ndogo ipokeayo mwanga, na tangu siku hiyo kila mbingu unayoipiga itakuwa na madoa. Kama ni lazima uwe na kamera ya namna hiyo, chagua lenzi moja asubuhi na usiitoe mpaka jioni.

Ziko pia zile kamera ndogo za kufungwa juu ya kofia. Za kampuni ya GoPro zilianza kuuzwa mwaka 2004, na wakati huo zilitumia filamu. Zinafaa kuonyesha barabara na mwendo. Kwa nyuso hazifai, maana lenzi zake ni pana mno: mtu wa karibu huota pua kubwa, na Muhabura, mlima wa meta 4,127, huonekana kama kichuguu.

Mimi nimechagua kamera ndogo ya mfukoni, ambayo lenzi yake haitoki, ina zumu ya kiasi na kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Kitundu hicho nakisisitiza. Kwetu saa sita mchana kioo cha nyuma hakionekani kwa jua, na hapo ndipo nilipokosea kwa Mwalimu. Ukinunua mpya, tazama herufi IP katika maelezo yake, ingawa kamera nyingi za mfukoni hazina kinga hiyo. Ikiwa imeandikwa IP67, ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, na ile 7 maana yake inaweza kuzama maji ya meta moja kwa nusu saa.

Wengi wetu lakini tutanunua iliyokwisha tumika. Usiichukue kwa sura. Ibandike gazeti ukutani, uipige picha, kisha uikuze kona zote nne. Herufi za kona moja zikififia, lenzi imepinda. Pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi utazame kama kuna utando mfano wa buibui: huo ni ukungu, nao huota katika unyevu na haufutiki kwa kitambaa. Tazama kama betri yake bado inauzwa madukani. Muuzaji akikataza majaribio hayo, mpe kwaheri.

Juu ya kuitumia, neno kubwa ni kusimama. Najua mnawaona vijana wanaoendesha kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hukata meta 16 na zaidi kila sekunde. Ukiinamia kamera sekunde tatu, umekwenda meta 50 bila macho, na mtoto au mbuzi hahitaji meta hamsini kuingia barabarani. Hata ukibaki hai picha haitakuwa kitu: kamera ikifungua kipazia chake kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, wewe umekwisha sogea sentimeta 28. Kwa hiyo ondoka barabarani, zima injini, shuka. Wengine husimama wakaacha injini inanguruma na kuegemeza viwiko juu ya tangi la petroli. Hao wamejisumbua kusimama bure. Injini ikiwa imezimwa, kiti cha pikipiki huwa meza nzuri. Kunja sweta, weka kamera juu yake, shika pumzi kama Mwalimu mwaka 1966.

Mwanga wa kwetu una tabia yake. Hapa karibu na Ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima, na ule mwanga laini wa asubuhi na jioni hupita upesi. Mchana jua likiwa utosini, macho ya mtu hugeuka mashimo mawili meusi. Mwite akae kivulini, barazani, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga. Usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe au mbele ya mbingu, maana kamera huuona weupe ule ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wetu mweusi ukawa kama kaa. Ikiwa hapana budi, tafuta alama ya kuongeza na kupunguza, iliyo katika kamera nyingi, uongeze hatua moja. Kisha, kabla ya kuaga, ingia ndani penye giza, uikuze picha ulitazame jicho la mtu. Sekunde kumi tu. Ningalifanya hivyo Kisoro, ningaliazima simu ya mjukuu wake.

Omba ruhusa kwanza. Mtu si mlima. Na usipige askari, kambi, vituo vya mipakani kama Cyanika na Bunagana, wala lile bwawa la umeme la Jinja. Walinzi wana haki ya kukuuliza, na safari yaweza kuishia hapo.

Jioni, kabla ya chakula, pangusa vumbi kwa brashi laini, halafu lenzi kwa kitambaa chake. Shati halifai, kwa sababu vumbi la barabarani ni mchanga, na mchanga hukwaruza kioo. Ndani ya mkoba mimi huweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, hunyonya unyevu. Picha zinakiliwe mahali pawili usiku ule ule, na majina ya watu yaandikwe ungali unayakumbuka.

Mwaka 2023 nilirudi Kisoro kuwapa pole wafiwa, na kamera yangu kiunoni. Mjane aliniruhusu niitoe ile picha ya 1966 katika fremu. Niliilaza mezani karibu na dirisha, pasipo jua kuiangukia, nikaishika kamera wima juu yake bila kuwasha taa yake, nikapiga mara tano, nikazikagua zote ndani ya nyumba kabla ya kuirudisha. Nakala moja nimeileta kwa mkutubi wa shule, na vifungo vya shati bado vinahesabika.