Tairi la Batini

Jumamosi moja, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Umoja, Nairobi, nilimkuta utingo mmoja katika Kariobangi Light Industries ameinama nyuma ya lori la Canter lililopakiwa kreti za nyanya, nyundo mkononi, akiligonga tairi la nje mara moja, kisha akiupenyeza mkono katika giza lililo chini ya bodi ili aligonge na mwenzake wa ndani. La nje lililia kama ngoma iliyowambwa barabara. La ndani likajibu kwa sauti ya gunia la unga.

"Mzee, la ndani limelala," akamwambia dereva.

"Tangu lini?"

Utingo hakuwa na jawabu, wala hapana awezaye kuwa nalo, kwa kuwa tairi la ndani, likipungukiwa na upepo, halimjulishi mtu: la nje huubeba mzigo wa yote mawili pasipo kulalama, gari halipindi, usukani hauvuti, na dereva huenda akatoka Tala hadi soko la Marikiti akidhani siha ya magurudumu yake i kamili. La nje ni dhahiri, kila mpita njia huliona. La ndani ni batini, na ndilo lenye habari.

Gari la namna hii, lenye magurudumu mawili mbele na manne nyuma, ndilo punda wa mitaa ya Eastlands. Mwisho wa mwezi ndilo lihamishalo makochi, vitanda na mitungi ya gesi ya wapangaji kutoka Kayole kwenda Komarock. Ndilo litoalo mbao Gikomba. Na matatu kubwa za Buruburu na Donholm, ambazo aghalabu bodi zake hujengwa juu ya chesisi za Isuzu, hukimbia kwa miguu iyo hiyo sita.

Wengi hudhani kuwa matairi mawili yakiwekwa pamoja nguvu hujumlishwa tu, na hiyo ni hesabu ya kitoto. Ubavuni mwa tairi la 7.50R16, kipimo kinachotumika sana kwa magari haya, mara nyingi huandikwa 122/118: nambari ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake, maana yake kilo 1,500, ya pili ni ya tairi lenye mwenzake, kilo 1,320. Watengenezaji wamepunguza kilo 180 kwa kila moja kwa kuwa wanajua kwamba mawili hayagawani mzigo kwa insafu, kwani barabara ina mgongo, upepo hautoshani, na hewa ya kupoza haifiki vema katikati. Aidha, yote mawili yamefungwa katika kitovu kimoja, hayana budi kuzunguka sawasawa. Mtu akiliweka tairi jipya kando ya kipara, lile dogo hupaswa kwenda safari fupi kwa kila mzunguko, na kwa kuwa halina ruhusa ya kuachwa nyuma, huburuzwa. Likiburuzwa hupata moto, na moto huua tairi. Fundi mwenye hadhari hupima kimo cha yote mawili kwanza, na tofauti ikizidi milimita 6 hayaoanishi.

Lakini elimu yenyewe imo katika nati. Katika magari mengi ya Kijapani ya zamani kila boliti ya nyuma ina nati mbili: ya ndani, mfano wa kofia ndefu yenye uzi ndani na nje, hushika gurudumu la ndani, ya nje huja juu yake ikashika la pili. Atakaye kuikaza ya ndani lazima kwanza ailegeze ya nje, na mvivu hukaza ya nje peke yake akaenda zake, gurudumu la ndani likabaki likicheza gizani hata matundu ya rimu yakatafunika. Fauka ya hayo, nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume: kuzifungua ni kuzizungusha kama mishale ya saa inavyokwenda. Nimewahi kumwona kijana mwenye misuli amechomeka bomba katika spana, akaliparamia kwa miguu yote miwili akidhani anafungua, hata boliti ikakatika kwa mlio wa bunduki. Ukiona michirizi ya kutu ikishuka kutoka kwenye nati, jua imelegea; na gurudumu likishafungwa, nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100, yaani, kwa gari la soko, kabla siku haijakwisha.

Mengine ni ya kupita. Jiwe lililobanwa kati ya matairi litolewe kabla halijala ubavu au kurukia kioo cha gari la nyuma. Na vali ya ndani ielekezwe penye tundu la rimu ya nje, kwani isiyofikika haijazwi. Nyundo nayo, nasema bila kuwavunjia utingo heshima, si geji: hulitambua tairi lililokufa, hailitambui linaloumwa.

Siku ile fundi aliyafungua yote mawili, akaitumbukiza tubu ya ndani katika karai la maji, na mapovu yakatoka penye shina la vali. Kazi ilipokwisha akataja bei ya magurudumu mawili.

"Pancha ni moja, fundi," dereva akasema.

"Kuziba ni moja, mzee. Kufungua ni mawili."

Dereva akalipa akinung'unika, akaichukua spana mikononi mwa utingo, akailaza chini ya kiti chake, karibu, kwa ajili ya jioni.