Je, Wajua? Helmeti ya baiskeli ya kasi

Je, wajua kwamba Uholanzi ina kiwango maalumu cha helmeti kwa waendesha baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa? Kinaitwa NTA 8776, cha mwaka 2016. Helmeti ya kawaida ya baiskeli barani Ulaya, yenye alama EN 1078, hupimwa kwa kubamizwa kwenye chuma bapa kwa mwendo wa kilomita 19.5 hivi kwa saa. Ile ya NTA 8776 hubamizwa kwa 23.4. Tofauti yaonekana kiduchu, sivyo? Lakini nishati ya kishindo hupanda kwa zaidi ya asilimia 40. Tena helmeti hiyo hufunika zaidi panja na kisogo. Unaponunua, igeuze usome lebo ya ndani. Ikishapigwa dafrao, hata bila ufa, usiivae tena.