Aumaye kwa Taya na Aumaye kwa Mkia

Mbwa huuma, nyuki huuma, na chungu naye huuma: lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, mara nyingi huyafumbata mambo haya katika neno moja. Walakini kwa mkaazi wa Hirbadaw, katika nchi ya mlima Hanang, ambaye ukuta wa nyumba yake ni wa udongo na zizi la ng'ombe halipo mbali na mlango, kuna faida kubwa ya kutambua kama mdudu aliyemdhuru alitumia taya au mwiba.

Siafu, waogopwao kuliko wote, huuma kwa taya. Mwiba wanao, lakini ni dhaifu wala hawautegemei. Waingiapo nyumbani hula mende na vitoto vya panya, kisha huenda zao, hata watu wengine huwapisha kwa hiari. Basi hadhari iwe kwa asiyeweza kukimbia, yaani mtoto mchanga, ndama aliyefungwa na kuku aliyeatamia: hao wahamishwe kwanza, ndipo majivu yamwagwe mlangoni.

Sungusungu ni habari nyingine. Ni chungu mweusi, mkubwa, aendaye kwa safu kuwavamia mchwa na kurudi na mateka yake, na ukimghasi hutoa mlio mwembamba kwa kusugua pingili za mwili wake. Silaha yake imo mkiani, nayo asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, na kwa sababu hiyo katika jamii nzima ya chungu hakuna dume awezaye kudunga. Mimi simhesabu kuwa adui, kwani mchwa anaowala ndio watafunao nguzo zetu. Yatosha kutokanyaga safu yake kwa miguu mitupu, na kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

Yuko pia chungu mdogo mweusi wa asili ya Afrika, ambaye wataalamu walimpa jina la Sennar, mji wa Sudan. Huyu amevuka bahari hadi Uarabuni, akapenda udongo wenye unyevu karibu na mabomba na bustani, na huko, Saudia na Imarati, matabibu wameandika habari za watu waliozimia, hata kufa, kwa sumu yake. Kwa hiyo maji yasituame ukutani, nyufa zizibwe, makombo na nafaka zifagiliwe, na miguu ya kitanda isimamishwe ndani ya makopo ya maji.

Aliyedungwa na aoshe mahali pale kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha baridi, asijikune. Lakini uso ukivimba, mwili mzima ukatoka vipele, au pumzi ikabana, tafadhali, ewe msomaji, usingoje dawa ya jirani wala usingoje asubuhi: mpeleke hospitali saa ile ile, kwani sindano ya adrenalini ndiyo itakayomwokoa.