Sayansi ya Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaokariri maana ya msongamano wa maji bila kuutumia popote. Dawa ninayoitetea leo ni hii: somo lianze na jambo ambalo watu wa Sumbawanga tayari wanabishana juu yake sokoni na majumbani, wanafunzi walipime kwa vikundi, hoja kwa ushahidi, na kanuni iandikwe ubaoni baadaye.

Tuchukue kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Kasanga, Kirando na Kipili riziki iliguswa moja kwa moja. Huku juu Ufipa tuliulizana bei ya dagaa na migebuka. Swali la kuwekwa mbele ya darasa ni moja tu: samaki wamepungua kwa nini? Wengi watataja makokoro, nyavu za macho madogo na wingi wa mitumbwi, na jibu hilo lina ukweli mkubwa. Lakini mwaka 2003 watafiti walichapisha ushahidi kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo inayolisha ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 wengine, wakichunguza tabaka za matope ya sakafu ya ziwa, walionyesha kuwa samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20.

Hapo fizikia inaingia bila kulazimishwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na maji ya chini hayana oksijeni ila yana virutubisho tele. Miezi ya kipupwe, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini; upande wa kusini, yaani pande za Kasanga, maji baridi hupanda na virutubisho vyake. Mimea midogo hustawi, viumbe wadogo huila, dagaa huwala hao, na migebuka hula dagaa. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi zaidi, na upepo uleule hushindwa kuyachanganya. Kuliona hili hakuhitaji maabara. Tia maji baridi yenye rangi nusu bilauri, kisha mimina maji ya moto juu yake taratibu kwa kuyapitisha kwenye kijiko: tabaka mbili hutengana, na ukipuliza polepole, rangi hubaki chini. Rudia kwa maji yenye joto sawa, na rangi itapanda upesi.

Wapo watakaosema sayansi haiamuliwi kwa kura. Ni kweli, na ndiyo maana mjadala huu hauishii kwenye kunyoosha mikono. Kila kikundi kitamke ni ushahidi gani ungekifanya kibadili msimamo, kisha kiulizwe kama tabaka za matope zinautoa. Zoezi hilo hufunza zaidi ya kunakili maelezo ya kitabu cha kiada. Hofu ya mtihani nayo ina msingi, ila joto, msongamano na mtiririko wa chakula vimo tayari kwenye mihtasari, na mtaala wa sekondari unadai umahiri tangu 2005. Kuhusu Kiingereza, wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Fikra haipaswi kusubiri sarufi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu ataonekana anapinga agizo la serikali. Sioni hivyo. Ziwa lenye joto likizalisha chakula kidogo, samaki waliobaki wanahitaji nafasi ya kuzaliana kuliko zamani. Sababu mbili zinaweza kufanya kazi pamoja, na mwanafunzi akifika hapo kwa hoja zake mwenyewe, atalielewa katazo kuliko aliyeamriwa kulikubali.

Kinachokosekana ni takwimu za karibu. Halmashauri za Kalambo na Nkasi zizipe shule zao nakala za kumbukumbu za samaki wanaopokelewa mialoni, mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya kufungwa kwa ziwa, ili wanafunzi wachore grafu kwa mikono yao.