Fomu Isimrudishe Mwananchi Mwanzo

Si jambo geni siku hizi kumwona mwananchi ameketi katika duka la intaneti, akilipia kila dakika, akijaza fomu ya kuomba kazi, cheti au mkopo wa masomo. Huandika jina, mahali alipozaliwa, shule alizosoma na anwani za wadhamini wake. Abonyezapo kitufe cha kutuma, huambiwa kwamba tarehe moja imekosewa, na fomu humrudia tupu kabisa. Hana budi kuanza upya, na huenda fedha alizokuja nazo zimekwisha.

Wako wanaodai kwamba hayo ni matokeo ya uzembe wa mjazaji. Hatukubaliani nao. Kosa ni la aliyetengeneza programu. Ni kweli kwamba HTTP, utaratibu ambao tovuti hutumia kuwasiliana na wasomaji wake, hauna kumbukumbu: kila ombi lifikapo kwenye seva hupokelewa kama mgeni asiyejulikana. Lakini dawa ya upungufu huo si ya jana. Mwaka 1994 Lou Montulli, wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni kuki, yaani alama ndogo ambayo seva humpa mtumiaji ili imtambue arudipo, na hivyo iweze kuyatunza majibu yake kutoka ukurasa hadi ukurasa. Tena, kwa kosa la tarehe moja, hata kuki haihitajiki. Programu yaweza kuirudisha fomu ileile pamoja na majibu yote, ikaonyesha tu mahali palipokosewa.

Hatusemi kwamba kila kitu kirudishwe. Neno la siri na namba ya kadi ya benki havifai kuonyeshwa tena. Na jibu lolote halina budi kugeuzwa kuwa maandishi matupu kabla ya kurudishwa kwenye ukurasa, wahalifu wasije wakapenyeza amri zao ndani yake.

Oktoba 2023, shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti, lilitoa mwongozo wa WCAG 2.2 unaotaka mtu asilazimishwe kuandika tena habari aliyokwisha kuitoa katika shughuli ileile, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa ofisi zote zinazohudumia umma: kabla ya kumlipa fundi, ijazeni fomu yake nanyi mkosee kwa makusudi. Ikirudi tupu, irudisheni kwake. Haki ya mtu isipotee kwa sababu ya tarehe moja.